Insha Niliyoikata kwa Kalamu Nyekundu

Naungama mbele ya walimu wenzangu, mbele ya wazazi wa Ushetu, na mbele ya kila aliyewahi kuketi katika darasa langu. Nilimnyamazisha mtoto aliyekuwa akisema kweli, na nilimnyamazisha kwa uongo. Nilimwambia kwamba Kiswahili chake ni kibovu. Hakikuwa kibovu. Insha yake ilikuwa bora kuliko zote nilizopata kusahihisha, nami nilikuwa nikilijua hilo wakati kalamu nyekundu iko mkononi.

Kosa hili lilikuwa limeanza zamani, kabla sijaliona daftari lake. Lilianza na mapenzi yangu kwa vitabu na filamu za hali halisi zinazoichambua Marekani. Mapenzi yenyewe hayakuwa dhambi. Dhambi ni namna nilivyoyatumia.

Mimi ni mwalimu wa Uraia na Historia katika shule moja ya sekondari ya kata huku Ushetu, katika ule upande wa Kahama unaoishi kwa tumbaku. Dhahabu iko kwa majirani zetu, Msalala, Mbogwe na Geita. Sisi tuna mabani ya kukaushia majani. Nilipokuwa kijana, Marekani niliyoijua ilikuwa ile ya vibanda vya video: nyumba zenye majani yaliyokatwa vizuri, magari mapya, watu wasiofanya kazi yoyote inayochafua mikono. Kisha rafiki yangu mmoja akanipa DVD ya Michael Moore, Roger & Me, filamu ya mwaka 1989 kuhusu mji wa Flint, Michigan. Kampuni ya General Motors ilifunga viwanda vyake kadhaa pale, na mji uliokuwa ukiishi kwa magari ukabaki na watu wasio na kazi, wanaotolewa vyombo nje kwa kushindwa kulipa kodi ya nyumba. Niliitazama mara mbili usiku huo huo. Sikuwa najua kwamba Mmarekani anaweza kutolewa vyombo nje.

Kuanzia hapo nikawa mtafutaji. Nilimwona Moore akipokea tuzo ya Oscar Machi 2003 kwa filamu yake kuhusu bunduki, Bowling for Columbine, akasimama jukwaani na kumkemea rais wake mwenyewe wakati vita vya Iraq vikiwa na siku chache tu tangu vianze. Nilitazama Sicko ya mwaka 2007, inayoonyesha wagonjwa waliokataliwa na kampuni za bima. Nilitazama Inside Job ya mwaka 2010, juu ya mabenki yaliyoangusha uchumi wa dunia mwaka 2008. Nilisoma kwa taabu, kamusi pembeni, kitabu cha Barbara Ehrenreich cha mwaka 2001, Nickel and Dimed. Mama yule mwenye shahada ya juu alikwenda kufanya kazi ya kuhudumia mezani, ya kusafisha nyumba za watu na ya dukani Wal-Mart, ili ajue kama mtu anaweza kuishi kwa mshahara wa namna ile. Aliona hauwatoshi walioutegemea. Nilisoma pia Fast Food Nation ya Eric Schlosser, ya mwaka huo huo, nikajua jinsi wachinjaji wa viwandani wanavyoumia ili chakula cha haraka kiwe rahisi.

Hizo ni kazi nzuri, na bado nazipenda. Ila mimi nilizigeuza silaha. Katika mdahalo shuleni, kwenye kijiwe cha kahawa, darasani mbele ya vijana, nilikuwa na jibu moja kwa kila mtu aliyeitaja Marekani kwa sifa: nenda katazame walivyo. Nilikuwa na tarehe, majina ya miji na takwimu. Vijana wakaniona msomi. Kumbe ndani yangu kulikuwa na kitu kingine kikifanya kazi. Kila aibu ya Mmarekani ilinipunguzia aibu ya kwetu. Nilipoona mtu wa Flint akitolewa vyombo nje, sikumhurumia kama binadamu. Nilifarijika. Hilo naliungama pia, maana ndiko kosa lote lilikozaliwa.

Mwaka 2006 ningepaswa kujishtukia. Ndio mwaka wa mzozo kuhusu ile filamu ambayo Watanzania wengi tuliijua kwa jina la mapanki, yaani Darwin's Nightmare ya Mwaustria Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004. Inahusu Mwanza: sangara aliyepandikizwa ziwani katika karne iliyopita, minofu inayopakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya, na mapanki, yaani mifupa yenye vichwa, yanayobaki kwa wenyeji. Iliteuliwa kuwania Oscar, na Rais Kikwete akailaani hadharani. Mimi nilikuwa upande wa waliopaza sauti kuilaani, na sikuwa nimeitazama hata dakika moja. Nilisema ni fitina za wazungu. Na wakati nikisema hivyo, DVD ya Flint ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Nilipokuja kuitazama, miaka baadaye, niliona kwamba wapo waliokuwa na hoja za haki dhidi yake. Inadokeza biashara ya silaha kwa namna ambayo mtazamaji anaondoka na uhakika mkubwa kuliko ushahidi aliopewa. Jiji zima limeonyeshwa kupitia vichochoro vyake vya giza. Hoja hizo zinaweza kujadiliwa. Lakini mimi sikujadili chochote. Nilikataa tu kwamba mtu anaweza kutuchunguza.

Kisha zikaja ripoti mbili, na hizi ndizo zinazonihukumu, kwa sababu zilitoka katika mikono ile ile. Agosti 2013 shirika la Human Rights Watch, lenye makao yake New York, lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu Tanzania. Wachunguzi wake walipita Geita, Shinyanga hadi Mbeya, wakazungumza na watu zaidi ya 200, na kati yao walikuwamo watoto 61 waliokuwa wakifanya kazi machimboni. Walieleza habari za watoto wanaoshuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, wanaoponda mawe, wanaochanganya zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, kisha wanasimama karibu na moto zebaki inapochomwa na kuwa mvuke. Mwalimu mwenzangu alinionyesha ripoti hiyo kwenye simu. Nilimwambia mabeberu wanataka kutuharibia soko. Nilisema hivyo ilhali nimewahi kupita machimboni na kuyaona hayo kwa macho yangu.

Mei 2014 shirika hilo hilo likatoa ripoti nyingine, safari hii kuhusu watoto wanaofanya kazi katika mashamba ya tumbaku ya Marekani, katika majimbo ya North Carolina, Kentucky, Tennessee na Virginia. Walihojiwa watoto 141, wenye umri wa miaka 7 hadi 17, wengi wao wakiwa wa familia za wahamiaji zenye asili ya Amerika ya Kilatini. Karibu robo tatu yao walieleza kichefuchefu, kutapika, kuumwa kichwa au kizunguzungu. Sumu ya nikotini hupenya kwenye ngozi, hasa majani yakiwa na umande au mvua, na mtoto huugua bila kuvuta hata sigara moja. Wengine walikuwa wakijivika mifuko myeusi ya taka, wameitoboa matundu ya kichwa na mikono, ili majani yasiwaloweshe. Na sheria ya Marekani ilikuwa ikiruhusu, na bado inaruhusu, mtoto wa miaka 12 kufanya kazi katika shamba la tumbaku mzazi wake akikubali.

Hii niliipokea kama zawadi. Niliipeleka darasani wiki ile ile. Niliwaonyesha vijana wa kidato cha tatu picha za watoto waliovaa mifuko ya taka, nikawaeleza kila kitu kwa hasira ya kweli. Nilifundisha somo la tumbaku ya Carolina katika darasa ambalo karibu kila mtoto amezaliwa karibu na bani, na sikuuliza swali hata moja kuhusu bani.

Mwaka uliofuata shule yetu iliombwa kutoa mwanafunzi wa kusoma insha katika Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni. Niliwapa vijana kazi ya kuandika. Msichana mmoja, mkimya, anayekaa karibu na dirisha, alikuja ofisini na daftari lake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, mimi nimeandika ya kwetu."

Nilidhani ameandika juu ya ngoma au mavuno. Alikuwa ameandika juu ya mdogo wake wa darasa la tano. Sina daftari lile tena, kwa sababu ambazo nitazieleza, lakini nayakumbuka yaliyokuwamo. Aliandika kwamba majani huchumwa alfajiri, kabla jua halijakausha umande, na kwamba mdogo wake huvaa nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea, wameikata matundu matatu. Aliandika kwamba kabla hawajamaliza matuta ya kwanza mtoto huinama na kutapika, mama husema amelala na njaa, kisha wanaendelea. Aliandika juu ya ile gundi nyeusi inayoganda viganjani, isiyotoka kwa sabuni, mpaka ugali wa usiku huwa mchungu mdomoni. Aliandika juu ya kulala kwenye mdomo wa bani, zamu kwa zamu, kwa muda wa karibu wiki nzima, kwa sababu moto ukishuka majani yanaharibika na ukizidi bani linaweza kuungua na jasho lote la mwaka. Aliandika juu ya siku ya soko, mteuzi wa tumbaku anavyopita kwenye mitumba, yaani marobota ya majani, na kutaja daraja kwa muda mfupi kuliko unaotumika kufunga mtumba mmoja. Bei inatajwa kwa dola. Kisha yanakuja makato ya mbolea na pembejeo. Kisha baba anarudi nyumbani na kilichobaki, na hasemi neno.

Na alikuwa amefanya jambo ambalo sikumfundisha. Alikwenda kwa kiongozi wa darasa, akafungua daftari la mahudhurio la Februari na Machi, akahesabu waliokosekana wiki baada ya wiki wakati wa kuchuma. Aliweka hesabu ile katikati ya insha. Hakumlaumu baba yake. Hakumlaumu mtu. Mwishoni aliomba mambo mawili: watoto wapatiwe glavu, na mwanafunzi asiende shamba siku za shule.

Nilisoma nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nilikaa. Kisha nikachukua kalamu nyekundu.

Nilimkata maksi kwa mpangilio wa aya. Nilimkata kwa alama za uandishi. Palipokuwa na sentensi fupi iliyonyooka niliandika pembeni kwamba haina ufasaha. Maneno ya shambani, bani, mtumba, matuta, niliyazungushia duara na kuandika kwamba si Kiswahili cha kitaaluma. Chini kabisa niliandika kwamba mada haifai kwa wageni. Nikamwambia, "Mwanangu, lugha yako bado ni dhaifu. Hii tuiache." Nikazichana kurasa zile kutoka kwenye daftari, nikazikunja nikaweka kwenye droo, na mwisho wa muhula nikazichoma pamoja na karatasi za mitihani. Ndiyo sababu sina. Kisha nikamwandikia mimi mwenyewe insha nyingine, juu ya watoto wa tumbaku wa Marekani, nikampa aikariri.

Tarehe 16 Juni aliisoma. Palikuwa na mgeni rasmi, watendaji wa vijiji, viongozi wa chama cha msingi cha ushirika, na wazazi wengi waliotoka kuchambua majani yaliyokauka. Alisoma kwa sauti ya wazi jinsi watoto wa North Carolina wanavyotapika mashambani, jinsi wanavyojifunika mifuko ya taka. Watu waliguna kwa huruma. Mama mmoja wa makamo nyuma yangu alisema, "Masikini, watoto wa watu!" Baba wa msichana alikuwa amekaa mstari wa tatu, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mdogo wake alikuwa amekaa chini na wanafunzi wa shule ya msingi, vidole vyake vikiwa na rangi ya majani aliyokuwa akiyachambua jana yake. Tukapiga makofi. Mgeni rasmi akamsifu kwa kuijua dunia.

Baada ya sherehe alinifuata.

"Mwalimu, waliowaandika wale watoto ni akina nani?"

"Ni Wamarekani wenyewe," nilimjibu.

"Hawakuambiwa wanaitia nchi yao aibu?"

Nilimwambia akasaidie kupanga viti.

Sasa nieleze kwa nini nilifanya hivyo, maana maungamo yasiyotaja sababu ni nusu. Ushuru wa tumbaku ni tegemeo kubwa la halmashauri yetu, na madawati ya darasa lile lile yalitokana na fedha ya zao hilo. Niliogopa mgeni rasmi ataudhika. Niliogopa mkuu wangu wa shule. Niliogopa wazazi watasema mwalimu anawachongea serikalini. Hizo zote ni kweli, lakini hazikuwa sababu ya kwanza. Sababu ya kwanza ni kwamba mke wangu na mimi tulikuwa na shamba la tumbaku, na Jumamosi za Februari na Machi waliokuja kuchuma majani yetu walikuwa wanafunzi wangu. Niliwalipa kidogo, na wengine sikuwalipa kitu, nikasema ni kujifunza kazi. Nilikuwa nikifundisha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwenye somo la Uraia: kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kazi za hatari marufuku kabla ya 18. Niliandika vifungu hivyo ubaoni siku za wiki, na Jumamosi nikavivunja. Insha ya msichana yule haikunitaja, lakini nilijiona ndani yake kila mstari. Nilipochoma kurasa zile nilikuwa nachoma ushahidi.

Ilichukua muda kabla sijalikiri hata moyoni. Lililonivunja ni mwanangu wa kiume. Asubuhi moja ya mvua alirudi kutoka shambani kwetu akiwa amepauka, anatapika, hawezi kusimama. Nilimpakia kwenye pikipiki kwenda zahanati, na njiani maneno yaliyonijia kichwani hayakuwa ya ripoti yoyote ya New York. Yalikuwa ya daftari nililolichana. Niliijua dalili ile kwa sababu mwanafunzi wangu alinieleza, nami nikamwambia lugha yake ni dhaifu.

Alipopona nilirudi kwenye vitabu na filamu zangu, nikazisoma upya kama mtu anayetafuta alipopotea. Nikaona jambo lililokuwa wazi tangu mwanzo, nami nilikuwa nimelipita. Michael Moore ni mtoto wa eneo la Flint. Baba yake alifanya kazi General Motors. Ehrenreich alichunguza mshahara wa nchi yake. Hawakuwa mashahidi niliowaita mimi kuikandamiza Marekani. Walikuwa watu wa nyumbani wanaoidai nyumba yao iwe bora. Upton Sinclair alipochapisha The Jungle mwaka 1906, juu ya machinjio ya Chicago, wenye viwanda walimkasirikia, lakini kabla mwaka haujaisha nchi ikawa na sheria ya ukaguzi wa nyama na sheria ya usafi wa vyakula na dawa. Ile ripoti ya tumbaku nayo ilifanya kazi. Desemba 2014 kampuni mbili kubwa za tumbaku za Marekani zilitangaza kwamba hazitanunua kwa mkulima anayeajiri watoto walio chini ya miaka 16. Sheria ya nchi haikubadilika, na umri ni ule ule 12. Uchunguzi haumalizi dhuluma kwa siku moja. Lakini bila mtoto kusema "natapika," hapana kitakachoanza.

Katika kusoma huko nilikutana na habari ya Edward R. Murrow, ikanigusa kuliko zote. Novemba 1960, siku moja baada ya sikukuu ya Wamarekani ya shukrani ya mavuno, televisheni ya CBS ilionyesha filamu yake Harvest of Shame, kuhusu vibarua wa mashambani wanaohamahama na watoto wao wakifuata mavuno. Aliwaambia Wamarekani waliokuwa bado wameshiba kwamba chakula kile kimevunwa na watu wasio na cha kula. Mwaka uliofuata Rais Kennedy alimteua Murrow kuongoza idara ya serikali ya kueneza habari za Marekani nje ya nchi. BBC ya Uingereza ilipotaka kuonyesha filamu ile ile, Murrow mwenyewe aliomba isionyeshwe. BBC ikaionyesha. Hata mtu aliyeutoa ukweli kwa mikono yake, alipopewa kiti, aliona haya, hakutaka majirani wausikie. Nilimwelewa vizuri sana, na sikupenda nilivyomwelewa.

Na si kwamba kujichunguza ni jambo la wageni ambalo sisi tunaliiga. Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha Tujisahihishe mwaka 1962, nchi ikiwa na miezi michache tu ya uhuru, wakati ambapo angeweza kusema huu si wakati wa kuonyeshana makosa. Mwaka 1977 aliandika tathmini ya Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, akataja mahali ambapo serikali yake ilishindwa. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971 na ikafungiwa shuleni kwa muda, lakini leo hakuna anayezungumza riwaya ya Kiswahili bila kumtaja. Nilikuwa na urithi wa kwangu, na nilikuwa naufundisha kwa ajili ya mtihani tu.

Wapo watakaosema: basi na tuwaache wageni watuchafue watakavyo? Hapana. Anayetuchunguza vibaya ajibiwe kwa hoja na ushahidi. Lakini jibu la haki kwa filamu ya mapanki lingekuwa filamu yetu ya Mwanza, yenye ukweli wetu wote. Na jibu la haki kwa ripoti ya machimboni lingekuwa ripoti yetu, iliyoandikwa na watoto wa Geita na Kahama wanaoijua harufu ya zebaki. Nchi iliyowafunga midomo watoto wake haina wa kuisemea mgeni anapokosea. Mficha maradhi kifo humuumbua. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Hatuwezi kuridhia mkataba juu ya sumu na wakati huo huo kumwita mchochezi mtoto anayesema sumu ipo.

Nilimtafuta msichana yule. Siku hizi ni mama, ana kibanda cha nguo Kahama mjini. Nilimweleza kila nilichokiandika hapa, pamoja na kuchoma kurasa. Alinisikiliza huku akikunja vitenge. Akaniambia kwamba tangu siku ile aliamini hajui kuandika. Alipofika kidato cha nne aliliogopa kila swali la insha, na dada zake walipomwomba awaandikie barua ya maombi ya kazi aliwaambia yeye lugha yake ni dhaifu. Alitumia neno langu lile lile. Nikamwomba radhi. Akasema, "Nimekusamehe, mwalimu wangu. Lakini hukuniambia mapema." Sina la kujitetea kwa hilo. Mdogo wake aliacha shule darasa la saba. Yuko machimboni Mbogwe.

Tumbaku yetu tumeiacha, tunalima mahindi na alizeti, na kipato kimepungua. Sitaki kusifiwa kwa hilo, wala simhukumu mkulima anayeendelea, kwa sababu najua deni la mbolea linavyofunga mtu. Ninachokiomba ni kidogo, na nakiomba kwa walimu kwanza. Mtoto akikuletea insha juu ya bani, duara, mchungaji mdogo asiyesoma, bibi anayeogopwa kuwa mchawi kwa macho yake mekundu, usitafute kosa la alama za uandishi ili upate pa kumfungia. Soma hoja yake. Ikiwa hesabu yake ina makosa, kaa naye mhesabu upya. Mfundishe kuuliza pande zote, kumuuliza mkulima, mteuzi na mzazi, kama wanavyofanya waandishi ninaowapenda. Kisha mwache asome mbele ya watu wake.

Kwa wazazi nasema hivi: watoto wetu hawatutii aibu wanapoeleza wanachopitia. Wanatutendea heshima ya kuamini kwamba tutasikia.

Darasani kwangu bado natumia Flint, bado natumia tumbaku ya Carolina. Lakini somo halimaliziki Marekani tena. Nikishaonyesha picha ya mtoto aliyevaa mfuko wa taka, nauliza: huku kwetu wanavaa nini? Wanajua wote. Wanaandika. Mwaka huu, Siku ya Mtoto wa Afrika, wasomaji wametoka katika insha hizo, majina ya watu yameondolewa na hesabu zimehakikiwa. Baadhi ya wageni hawakupenda. Mtendaji mmoja aliniuliza nani aliruhusu mada ile. Nikamjibu mbele ya wanafunzi kwamba ni mimi.